Nani Hubeba Gharama ya Kusubiri? Historia Fupi ya Chanjo na Mwanzo wa Mimba

Mwezi Agosti mwaka 2021, siku chache baada ya Tanzania kuzindua chanjo ya UVIKO-19, nilipigiwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni mtumishi wa umma. Ameniridhia nisimulie kisa chake bila kutaja jina lake. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 39. Kwa miaka sita yeye na mumewe walikuwa wakitafuta mtoto, na hatimaye walikuwa wamekusanya akiba ya kulipia matibabu ya kurutubisha mayai maabara. Viinitete vyake viwili vilikuwa vimegandishwa, vikisubiri siku ya kupandikizwa.

"Mwalimu, shikamoo," alianza. "Muuguzi wa kituo cha chanjo ameniuliza kama nina mimba, nikashindwa kumjibu. Sina, lakini mwezi ujao huenda nikawa nayo. Daktari wangu anasema nisubiri mpaka utafiti ukamilike. Daktari mwingine anasema nichanje leo. Wewe ni mtu wa vitabu. Nimfuate yupi?"

Nilimwambia ukweli kwamba mimi si tabibu, na kwamba uamuzi juu ya mwili wake haupaswi kutolewa kwa simu na mwalimu wa historia. Hata hivyo swali lake halikuniacha. Kadiri nilivyolifuatilia, ndivyo nilivyotambua kwamba wale madaktari wawili hawakutofautiana kwa sababu mmoja ni mjuzi na mwingine ni mjinga. Kila mmoja alikuwa amerithi historia yake. Mmoja alikuwa mrithi wa historia ya hofu ya dawa. Mwingine alikuwa mrithi wa historia ya hofu ya ugonjwa. Historia zote mbili ni za kweli, na zote mbili ziliandikwa kwa miili ya wanawake na watoto.

Rubela: ugonjwa mdogo wenye madhara makubwa

Tuanze na hofu ya ugonjwa. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Australia, Norman Gregg, alichapisha taarifa kuhusu watoto wachanga waliozaliwa na mtoto wa jicho. Inasimuliwa kwamba fununu ya kwanza aliipata kwa kuwasikiliza kina mama waliokuwa wakizungumza huku wakisubiri zamu zao. Alikusanya habari za watoto 78, na akabaini kwamba mama wa watoto 68 miongoni mwao walikuwa wameugua rubela wakiwa wajawazito, wengi wao katika miezi ya mwanzo.

Kwa mtu mzima, rubela ni ugonjwa mdogo: vipele, homa hafifu, na baada ya siku chache umesahaulika. Ndiyo maana taarifa ya Gregg ilipokewa kwa shaka. Madaktari wa wakati ule walizoea kuuona mji wa mimba kama ngome, na kuamini kwamba kasoro za kuzaliwa nazo ni mambo ya kurithi tu. Gregg alionyesha kwamba ngome ile ina mlango, na kwamba mlango huo huwa wazi zaidi mwanzoni kabisa mwa ujauzito. Leo tunajua kwamba mama akiambukizwa rubela katika wiki 12 za kwanza, madhara yanaweza kuwafika hadi watoto tisa kati ya kumi: upofu, uziwi, maradhi ya moyo. Katika mlipuko wa miaka ya 1964 na 1965 nchini Marekani, watu wanaokadiriwa kuwa milioni 12.5 waliugua, na watoto wapatao 20,000 walizaliwa wakiwa na madhara hayo.

Hapo ndipo wakati ulipoingia katika mjadala huu. Virusi vilevile vinavyompata mama katika mwezi wa saba bila kuacha alama huweza kumpofusha mtoto vikimpata mama katika mwezi wa pili. Kwa hiyo suala la kinga lilikuwa, tangu mwanzo wake, suala la kalenda.

Thalidomidi: somo lililosomwa nusu

Hofu ya pili ilizaliwa Ujerumani Magharibi. Mwezi Oktoba 1957 thalidomidi ilianza kuuzwa huko kama dawa salama ya usingizi, na baadaye katika nchi nyingi wajawazito waliitumia kutuliza kichefuchefu. Kufikia mwishoni mwa mwaka 1961, ilipoondolewa katika soko la Ujerumani, ilikuwa imeacha nyuma yake watoto wanaokadiriwa kuzidi 10,000 duniani waliozaliwa na viungo vifupi au bila viungo kabisa. Siku za hatari zaidi zilikuwa kati ya siku ya 20 na ya 36 hivi baada ya mimba kutungwa, muda ambao wanawake wengi bado hawajajua kuwa ni wajawazito. Marekani iliepuka sehemu kubwa ya janga hilo kwa sababu mkaguzi wa mamlaka ya dawa, Frances Kelsey, alikataa kuidhinisha dawa hiyo bila ushahidi zaidi.

Somo lilikuwa nini? Thalidomidi haikuwadhuru watoto kwa sababu wajawazito walishirikishwa katika utafiti kupita kiasi. Iliwadhuru kwa sababu iliuzwa kwao bila kuchunguzwa ipasavyo ingewafanya nini. Somo la haki lingekuwa: chunguzeni kwa uangalifu kabla ya kuuza. Lakini watawala wa dawa walisoma nusu ya somo. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba wanawake wote wenye uwezo wa kushika mimba waondolewe katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, hata kama hawana mimba wala hawaitafuti. Mwelekeo huo uliachwa rasmi mwaka 1993, lakini wajawazito wenyewe waliendelea kutajwa katika kanuni za utafiti za nchi hiyo miongoni mwa makundi "dhaifu", hadi kanuni hizo zilipofanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2019.

Matokeo yake yanaeleweka. Ukimwondoa mtu katika utafiti kwa jina la kumlinda, siku anapougua huna la kumwambia. Hatari haikuondoka, ilihamishwa tu kutoka maabara, ambako ingepimwa na kuandikwa, ikapelekwa nyumbani kwa mwanamke, ambako hubebwa kimyakimya.

Miezi mitatu ikawa siku 28

Historia hizi mbili zilikutana katika chanjo ya rubela, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969. Chanjo hiyo hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Hofu ikawa ya kimantiki kabisa: ikiwa virusi vya rubela humdhuru mtoto tumboni, je, virusi vilivyodhoofishwa havitamdhuru? Wanawake wakaelekezwa wasichanjwe wakiwa wajawazito, na wakishachanjwa wasishike mimba kwa miezi mitatu.

Lakini maisha hayafuati waraka. Wanawake wengi walichanjwa bila kujua kwamba tayari walikuwa na mimba. Baadhi yao walizitoa mimba hizo kwa hofu. Wengine walijifungua, na taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa ikaanza kuweka kumbukumbu zao. Kati ya mwaka 1971 na 1989 ilifuatilia wanawake 321 ambao hawakuwa na kinga ya rubela na waliochanjwa ndani ya miezi mitatu kabla au baada ya kutunga mimba. Walizaa watoto hai 324. Hakuna hata mmoja aliyekutwa na kasoro zinazolingana na ugonjwa wa rubela wa kuzaliwa nao.

Mwaka 2001 washauri wa chanjo wa Marekani walipunguza muda wa kusubiri kutoka miezi mitatu hadi siku 28. Bado wajawazito hawapewi chanjo hiyo kwa makusudi, lakini kuchanjwa kwa bahati mbaya si sababu ya kutoa mimba.

Naomba msomaji aitazame namba hiyo kwa makini, kwa sababu ndiyo kiini cha makala haya. Ile "miezi mitatu" haikuwa sheria ya maumbile. Ilikuwa tahadhari ya watu walioketi kikaoni bila ushahidi wa kutosha. Ushahidi ulipopatikana, ilifutwa, na ulipatikana kutoka kwa wanawake ambao hawakupaswa kuwa katika takwimu hizo. Kwa kijana wa miaka 22, tofauti ya miezi miwili si kitu. Kwa mwanamke wa miaka 39 ambaye mayai yake yanapungua kila mwezi, miezi miwili ina bei.

Pepopunda: pale mimba yenyewe ilipokuwa wakati mwafaka

Tusije tukadhani kwamba historia yote ni ya kuahirisha. Upo mfano wa kinyume, na kila mama wa Afrika Mashariki aliyehudhuria kliniki ya wajawazito anao katika kadi yake: sindano ya pepopunda. Chanjo hii haina kiumbe hai. Ina sumu ya kimelea iliyoondolewa makali. Utafiti uliochapishwa mwaka 1961 kutoka New Guinea ulionyesha kwamba mama akichanjwa wakati wa ujauzito, kingamwili zake hupita kwenye kondo la nyuma na kumlinda mtoto katika siku zake za kwanza duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa pepopunda iliua watoto wachanga wapatao 787,000 kwa mwaka mmoja. Vifo hivyo vimepungua mno tangu wakati huo, na chanjo ya wajawazito ni miongoni mwa sababu kuu.

Kumbe kauli kwamba "mjamzito hachanjwi" haikuwahi kuwa kweli. Kilicho kweli ni kwamba chanjo hai, kama za rubela, surua na tetekuwanga, hutolewa kabla ya mimba, na mwanamke husubiri takriban mwezi mmoja. Chanjo zisizo hai, kama ya pepopunda na ile ya mafua ya sindano, zaweza kutolewa katika ujauzito. Kanuni hii ni fupi kiasi cha kuandikwa nyuma ya kadi ya kliniki.

Hata hivyo, sayansi iliyo sahihi haitoshi pasipo imani. Mwaka 2014 nchini Kenya, maaskofu na baadhi ya madaktari wa Kanisa Katoliki walidai kwamba chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake wa umri wa kuzaa ilitiwa homoni ya hCG ili kuwafanya wagumba. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha, wakieleza pia kwamba vipimo vilivyotumika havikuundwa kwa ajili ya kupima chanjo. Uvumi huo haukuzuka hewani. Tangu miaka ya 1970 mwanasayansi wa India, G. P. Talwar, na wenzake walikuwa wamejaribu waziwazi chanjo ya kuzuia mimba iliyounganisha sehemu ya hCG na chanjo ya pepopunda, na matokeo yake yalichapishwa. Ilikuwa bidhaa nyingine kabisa. Lakini raia asiyeelezwa kwa nini wanawake peke yao ndio wanaoitwa kuchanjwa hujaza pengo la maelezo kwa hofu zake. Kwa mwanamke anayetafuta mtoto, hakuna hofu iliyo nzito kuliko hiyo.

Mwaka 2020: kosa lilelile kwa haraka zaidi

Tarehe 25 Julai 1978, huko Oldham, Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetokana na yai lililorutubishwa maabara. Tangu hapo mwanzo wa mimba uliacha kuwa fumbo. Katika matibabu haya, siku ya sindano za homoni inajulikana, siku ya kuvuna mayai inajulikana, na saa ya kukiweka kiinitete katika mji wa mimba huandikwa. Swali la "nichanjwe lini?" likapata ukali mpya, kwa sababu sasa mwanamke analiuliza kabla ya mimba kuwapo, huku akiwa ameshalipia siku yake.

Janga la UVIKO-19 lilipokuja, majaribio makubwa ya chanjo ya mwaka 2020 hayakuwaandikisha wajawazito. Uingereza iliidhinisha chanjo ya Pfizer tarehe 2 Desemba 2020, na mwongozo wa awali ukasema wajawazito wasipewe, na waliochanjwa waepuke mimba kwa miezi miwili baada ya dozi ya pili. Kabla mwezi haujaisha, sharti la kuepuka mimba lilifutwa. Tarehe 16 Aprili 2021 washauri wa nchi hiyo wakasema wajawazito wapewe chanjo sawa na wenzao wa rika lao. Desemba 2021 wakawekwa katika kundi la kipaumbele. Katika mwaka mmoja mwanamke yuleyule aliambiwa asiguse, kisha anaweza, kisha anapaswa kutangulia.

Gharama ya mwaka huo ilionekana wodini. Oktoba 2021 huduma ya afya ya taifa ya Uingereza ilitangaza kwamba karibu mmoja kati ya wagonjwa watano wa UVIKO-19 waliokuwa mahututi zaidi alikuwa mjamzito ambaye hakuchanjwa. Wanawake hao hawakuwa wapuuzi. Wengi walifanya kile walichoambiwa mwanzoni, yaani kusubiri.

Na jibu la hofu ya ugumba lilitoka wapi? Lilitoka katika kliniki za uzazi zenyewe. Desemba 2020 dai lilienea kutoka Ulaya kwamba kingamwili za chanjo zingeshambulia protini ya kondo la nyuma na kuzuia mimba. Mwaka 2021 daktari wa uzazi nchini Marekani alilinganisha wanawake waliopandikizwa viinitete: waliochanjwa, waliowahi kuugua, na wasio na kinga yoyote. Viwango vya viinitete kushika havikutofautiana. Wale waliotajwa kuwa na sababu kubwa zaidi ya kuogopa ndio waliotoa jibu, kwa kuwa kwao tu ndipo siku ya mimba hujulikana kwa uhakika. Ushauri uliobaki kwa wanaotibiwa ulikuwa mdogo na wa kawaida: chanjo isikaribiane na siku ya kuvuna mayai au kupandikiza kiinitete, itengwe kwa siku chache, ili homa ya chanjo isije ikadhaniwa ni maambukizi yaliyotokana na matibabu.

Kalenda yetu wenyewe

Turudi nyumbani, kwa sababu suala hili halikuisha na UVIKO-19. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela kwa kampeni ya Oktoba 2014, iliyowalenga watoto wa miezi tisa hadi chini ya miaka 15. Hesabu ni nyepesi: aliyezaliwa kabla ya Oktoba 1999 hakuhusika. Hao ndio wanawake wanaokaribia au waliokwisha kuvuka miaka thelathini leo, ndio wanaoingia katika kliniki za uzazi, na kinga ya rubela waliyo nayo, kama ipo, kwa sehemu kubwa waliipata kwa kuugua utotoni. Kipimo cha damu hujibu swali hilo, na asiye na kinga huchanjwa na kusubiri siku 28 kabla ya matibabu. Kipimo hicho kikifanywa siku ya kwanza, siku hizo 28 humezwa na maandalizi. Kikisahauliwa hadi kiinitete kiko tayari, ama mwezi hupotea ama kinga hupotea.

Au mtazame mwanamke wa Nairobi au Kampala anayesafiri kwenda India kutafuta matibabu hayo. India hudai cheti cha homa ya manjano kwa wasafiri kutoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, Kenya na Uganda zikiwamo. Cheti huanza kutambulika siku kumi baada ya sindano. Lakini chanjo hiyo ni hai, na ushauri wa kawaida ni kusubiri takriban wiki nne kabla ya kushika mimba. Afisa wa uwanja wa ndege ana saa yake, mji wa mimba una saa yake. Ni nani katika ofisi zetu aliyepewa kazi ya kumwambia mwanamke huyu kwamba saa hizo mbili hazilingani?

Ndugu zangu watumishi wa umma, hapa ndipo penu. Mwongozo unaosema "mjamzito amwone daktari wake" hauna kosa la kisarufi, lakini mara nyingi ni njia ya taasisi kujivua uamuzi. Wizara inayotoa mwongozo wa chanjo yoyote ina wajibu wa kumtaja kwa jina mwanamke anayetafuta mimba, kumwambia chanjo ni hai au si hai, asubiri siku ngapi na kwa nini, na siku ushahidi ukibadilika, kusema wazi kwamba ulibadilika. Nanyi wanaharakati, dai la kuwaingiza wajawazito katika utafiti kwa ulinzi na ridhaa kamili ni dai la haki, sawa na dai la dawa yenyewe.

Mwanafunzi wangu alichanjwa mwezi uleule, na kiinitete cha kwanza kikapandikizwa wiki kadhaa baadaye. Hakikushika. Alinipigia tena, na swali lake lilikuwa moja: "Mwalimu, ni mimi niliyeharibu?" Nilimweleza yale ambayo daktari wake alikuwa amekwisha kumweleza, kwamba katika umri wake viinitete vingi havishiki, kwa waliochanjwa na wasiochanjwa. Alinielewa kwa akili. Kwa moyo, sidhani.

Nimelifikiria swali lile mara nyingi. Angesubiri, kisha akaugua, angejiuliza vilevile. Miaka themanini baada ya Gregg kuwasikiliza kina mama wa Sydney, bado tunamwachia mwanamke mmoja, peke yake, kwenye foleni ya kituo cha chanjo, uamuzi ambao taasisi zenye maabara na bajeti ziliukwepa. Na matokeo yakiwa mabaya, lawama tunamwachia pia. Kusubiri nako ni uamuzi, na una gharama. Ni haki kuuliza kila mara ni nani aliyeamua, na ni nani anayelipa.